Shajara ya Jumatano: watu waliopita Ujiji

5 Februari

Klabu ya historia imefufuka. Wanafunzi 27 wa Kidato cha Pili, chumba cha maabara ambacho Jumatano mchana hakina mwenyewe, na mimi. Lengo nililomwandikia mkuu wa shule ni refu na limejaa maneno ya semina. Lengo langu halisi ni fupi: muhula ukiisha, mwanafunzi anitajie kwa majina watu wanne waliotiwa utumwani, na anieleze kila mmoja aliingiaje na alitokaje. Leo niliwauliza majina wanayoyajua katika mada hii. Wakanipa Tippu Tip, Livingstone na Stanley. Yaani mfanyabiashara na wageni wake.

Na hapa ni Ujiji! Njia ya misafara ilitoka ziwani hapa ikapita Tabora na Mpwapwa hadi Bagamoyo, kilomita zipatazo 1,200, na miembe mikongwe iliyoifuata bado ipo. Watoto hawa wanapita chini yake kila asubuhi wakila kashata.

Niligawa vipande vya karatasi, kila mmoja aandike kitu kinachomjia akisikia neno "mtumwa". Karibu wote waliandika mnyororo. Kijana mmoja wa nyuma aliandika "mtu anayetumwa", akasimama kabisa kujitetea: "Mwalimu, mimi natumwa dukani kutwa mara tano. Na mimi je?" Darasa likaangua kicheko. Nilicheka pia, kisha nikaona amenirahisishia kazi, kwa sababu neno lenyewe kweli limetoka kwenye kutuma. Tukajaza ubao: mtumwa, mtwana, mjakazi, suria, mzalia, mateka. Kila neno lina hali yake. Mzalia alizaliwa humo humo nyumbani mwa bwana, pwani hakujua kwingine. Suria ni mwanamke aliyenunuliwa kisha bwana akamfanya wa kitandani bila ndoa na bila kumwuliza. Hapo pakawa kimya. Wana miaka 14 na 15, wanaelewa. Sikurefusha.

12 Februari

Leo nimekosea, naandika lilivyokuwa.

Nilitaka somo liwe hai. Nilileta kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi, nikawapanga wanafunzi wanane mstari mmoja waigize msafara kutoka mlangoni hadi dirishani. Nilishawahi kuona igizo kama hilo kwenye mahafali na watu wakapiga makofi. Dakika mbili za kwanza zilikuwa vichekesho vitupu: mmoja anachechemea kwa madoido, mwingine amejitwika begi anaimba. Nikasema moyoni watatulia. Hawakutulia. Kijana mmoja aliyekuwa amepewa fimbo ya kuwa nyapara akamwonyesha binti aliyekaa pembeni (nitamwita Z.) akasema: "Huyu hahitaji kamba, bibi yake aliletwa nayo."

Wakacheka wote. Z. akakusanya madaftari yake akatoka. Hakulia wala hakuniangalia.

Kwa msomaji asiyeujua mji huu: watu wengi hapa wana asili ya Manyema, ng'ambo ya ziwa, Kongo ya mashariki. Wengine babu zao walikuja kama wafanyabiashara, wengine kama askari wa misafara, wengine wakiwa wamekamatwa. Nani alikuja vipi ni jambo ambalo kila familia inalijua na hakuna anayelisema. Mimi ni mtu wa kuja, kwetu ni Kasulu, na nimeingia na kamba yangu kwenye ua wa watu.

Jioni nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha, akanipa kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Nimekusikia, mwalimu. Mtoto akitaka kurudi atarudi." Hakuongeza neno.

Yule kijana wa fimbo sikumchapa. Mwenzangu mmoja ofisini alinishangaa kwa hilo. Lakini fimbo nilimpa mimi.

Kuanzia leo, maigizo hakuna. Hakuna pia zoezi la "jifanye wewe ndiye, mwandikie mama barua". Mtoto hawezi kujifanya amekamatwa kwa dakika arobaini halafu akaenda kucheza mpira, na tukadai amejua kitu. Tutasoma kilichosemwa na watu wenyewe, tuulize maswali.

19 Februari

Z. hayupo. Waliobaki ni 24.

Tumeanza na Sidi Mubarak Bombay. Nilimchagua kwa sababu moja ya kwanza: alifika hapa hapa, kwa miguu, Februari 1858, akiwa na wapelelezi Waingereza Burton na Speke, na akarudi tena na Stanley mwaka 1871. Wanafunzi wote wameshafika kwenye mnara wa Livingstone. Sasa wanajua kwamba siku ile Stanley alipomkuta Livingstone hapa, mtu wa kwanza kumkimbilia Stanley na kumsalimu alikuwa Susi, mhudumu wa Livingstone, na kwamba kati ya waliokuja na msafara ule mmoja wao, Bombay, alikuwa amekamatwa utotoni.

Habari ya kukamatwa kwake aliisimulia kwa Speke. Nilitafsiri ukurasa mmoja na nusu, nikadurufu nakala kumi na mbili, wakasoma wawili wawili. Sehemu moja niliwaachia kama ilivyoandikwa, kwa makusudi: Speke ameandika kwamba Bombay ni mtu wa "Uhiyow". Wakakodoa macho. Nikawaambia wasome kwa sauti, wasitazame herufi. Uhi-yo. Uhiyao. Binti mmoja ambaye baba yake ni askari aliyewahi kukaa Tunduru akapiga meza: "Uyao! Ni Myao!" Ile furaha ya kugundua ndiyo iliyoniweka mjini wiki hii, maana baada ya Jumatano iliyopita nilitaka kuivunja klabu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Alikuwa na miaka kama 12. Mama yake alishafariki yeye akiwa mdogo sana, hamkumbuki vizuri. Wakaja wafanyabiashara kutoka pwani na watu wao, wenye bunduki, wakadai walipwe nguo walizokuwa wamekikopesha kijiji. Kijiji hakikuwa na bunduki. Waliokimbia walikimbia, waliokamatwa wakapelekwa Kilwa, kisha kwa chombo hadi Unguja. Huko akanunuliwa na mtu aliyempeleka India, akamtumikia hadi bwana huyo alipokufa, ndipo akawa huru na kurejea huku.

Swali lililotushughulisha nusu saa nzima: haya ni maneno ya nani? Bombay na Speke walizungumza Kihindustani, lugha aliyojifunza utumwani. Speke akaandika Kiingereza. Mimi nimeleta Kiswahili. Na mama yake Bombay, kama alimwimbia, alimwimbia Kiyao. Tukachora ubaoni kama mabomba ya maji: kila kiungo kinavuja kidogo. Na kuna jambo jingine. Mubarak ni jina la kupewa, na Bombay ni mji. Jina aliloitwa na baba yake halimo popote kwenye ukurasa ule. Yule kijana wa "natumwa dukani" akauliza kama Speke alimwuliza. Nikamwambia aandike swali hilo kwenye daftari la klabu, na ndilo la kwanza kwenye daftari.

26 Februari

Umeme ulikatika, tumekaa chini ya mwembe wa nyuma ya jiko.

Nilikuwa nimepanga kusonga mbele lakini wamening'ang'ania kwenye deni. Walifikiri utumwa ni vita tu: watu wanavamia usiku, wanachoma nyumba, wanafunga. Hawakujua kwamba mtu angeweza kuupata kwa mkopo. Sauti kutoka nyuma: "Kumbe ni kausha damu!" Wote wanaijua mikopo hiyo, ya kukopa leo na kulipa kila siku hadi unakonda, ambayo mkopeshaji akija anabeba televisheni na godoro. Mmoja akasema kwao walibebewa jiko la gesi likiwa na chungu cha maharage juu yake. Tukacheka, na yeye akacheka.

Nikawaacha walinganishe, kisha nikawazuia mahali. Anayebeba jiko hakubebi wewe. Tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Lakini siwezi kukataa kwamba kausha damu imewafikisha mahali ambapo kamba yangu haikuweza.

Tumesahihisha pia jambo moja linalotusumbua sana mikoa hii: si kila aliyebeba mzigo kwenye msafara alikuwa mtumwa. Wanyamwezi walifanya upagazi kama kazi, kwa malipo, na walijivunia. Mtoto wa Tabora aliyehamia kwetu mwaka jana alinyoosha mgongo kusikia hivyo. Katika msafara mmoja aliyelipwa na aliyefungwa waliweza kutembea vumbi lile lile. Picha ya mstari mmoja wa minyororo, hiyo ya vitabuni, inawafuta wote wawili.

5 Machi

Ramadhani imeingia. Wengi wamefunga, tumekutana mapema na kwa nusu saa tu, bila kusoma kwa sauti. Z. amerudi. Alikaa karibu na mlango. Nilimsalimia kama wengine.

Leo Swema. Naye ni mtoto wa Kiyao, kisa chake kiliandikwa Unguja miaka ya 1860 na padri wa misheni ya Kifaransa. Baba alikufa, mavuno yakaharibika, mama akakopa nafaka akashindwa kulipa. Mdai akamchukua Swema na kumwuza kwa msafara.

Hapa ndipo nilipokaa kwa makusudi. Mama hakudaiwa mwili wake. Alikuwa huru kubaki. Akaomba aende naye, akakubali kubeba pembe ya ndovu ili asiachane na mwanawe, na mtoto alipochoka akambeba yeye juu ya pembe. Nguvu zikaisha. Aliyeonekana hafiki hakupewa chakula, ili kisipotee bure. Wakamwacha njiani. Swema alitaka kubaki naye, wakamwondoa kwa nguvu.

Hakuna aliyeongea. Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani, tulisikia panga tu. Halafu binti mmoja akauliza kitu ambacho mimi nisingekiwaza: "Alivyokuwa amembeba, alikuwa anamdanganya kwamba wanakwenda wapi?"

Nikasema hakuna kilichoandikwa juu ya hilo. Nikamalizia kwa haraka: Swema alifika Unguja hoi, wakamdhania maiti, wakamzika kwa mchanga kidogo, mpita njia akasikia sauti, akamtoa, akampeleka misheni. Alipona.

Niliwaachia swali la nyumbani: padri aliyeandika alikuwa akiwaandikia watu wa Ulaya waichangie misheni. Je, hilo linabadilisha nini?

12 Machi

Majibu ya Swema. Yapo ya kivivu. Lakini makaratasi mawili yalinifurahisha. Moja lilisema sehemu ya mazishi huenda imetiwa chumvi kwa sababu inamfanya mwokozi aonekane, ila sehemu ya pembe haiwezi kuwa ya padri kwa sababu "haimsaidii padri kitu". La pili lilipinga: linamsaidia, linaliza watu. Niliwapanga mbele wabishane. Nani alishinda? Hakuna, muda uliisha.

Z. aliandika mistari mitatu. Mstari wa mwisho: "Kama yeye hakumsimulia padri, nani angejua kwamba mama yake alimfuata?"

19 Machi

Wawili leo, kwa mkupuo, maana kabla ya Idi nataka wanne watimie.

Bwanikwa, mtoto wa Kiluba, Kongo. Baba yake alifiwa na mke, wakwe wakadai fidia ya kifo, naye akamtoa binti yake. Tena deni! Akauzwa na kuhamishwa mikono hadi mara kumi. Mwisho alikuwa mke wa mtu aliyemnunua, akachuma mali yake na kujikomboa kwa mume huyo huyo. Wavulana walibishana kama mume alistahili kupokea. Wasichana hawakuona kuna cha kubishana.

Adrien Atiman aliwashangaza zaidi. Amezaliwa mbali kabisa, upande wa mto Niger, akakamatwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, huko Algeria. Wakamsomesha udaktari Malta. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, kwenye ziwa letu hili hili upande wa kusini, akatibu watu pale hadi alipofariki mwaka 1956. Na habari zake aliziandika mwenyewe. Nikawaonyesha ule mchoro wa mabomba: hapa kiungo ni kimoja. "Kwa hiyo wa kwanza kuandika mwenyewe ni daktari," akasema mmoja, "ndiyo maana hatuelewi mwandiko." Sijawahi kuwaonyesha mwandiko wake. Ilikuwa utani, na ulifaa.

26 Machi

Leo alikuja mzee. Nilimwomba wiki tatu, mara mbili alikataa. Jibu lake la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, haya tumeyafunika kwa majani, na majani yameota." Nilipomwambia habari ya kamba na ya mtoto aliyetoka nje, akanyamaza, akasema atakuja, ila asirekodiwe na asipigwe picha. Kwa hiyo hapa naandika yale tu aliyoniruhusu.

Watoto walimwamkia, akaketi. Hakuanza na bibi yake. Alianza na neno mwungwana. Akasema zamani Ujiji hakuna aliyekubali kuitwa mtumwa, wote walikuwa waungwana: aliyezaliwa huru, aliyeachwa huru, na aliyekuwa bado ana bwana lakini anavaa kanzu, anasali na kusema Kiswahili. "Lile neno lilikuwa shuka," alisema. "Kila mtu alijifunika."

Kisha akasema bibi yake mzaa baba hakuulizwa kwao ni wapi. Ukimwuliza alijibu: kwetu ni hapa nilipozaa. Hakula samaki aliyekaushwa kwa moshi maisha yake yote, na hakueleza sababu. Na usiku mlango wake alifungia ufagio, si kitasa tu: alilaza ufagio kwa ndani, mtu akisukuma aangushe. Mzee alionyesha kwa mikono jinsi alivyoulaza, akauweka na kuurekebisha, akauweka tena.

Mwanafunzi aliuliza utumwa uliisha lini. Mzee akanitazama mimi. Nikasema: Wajerumani hawakuufuta, walitamka tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya 1905 ni huru, na kuna waliopewa hati za uhuru, Tanganyika uliondolewa na sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Wakapiga hesabu vidoleni. Babu wa babu, wengine mama wa babu. Niliona nyuso zikibadilika walipofika kwenye jibu.

Wakati wa kuondoka nilimsomea mzee jambo moja kutoka shajara za Livingstone, kwamba aliona ugonjwa wa ajabu uliowapata watu huru waliokamatwa: hawana jeraha, wanaonyesha penye moyo, wanakufa. Aliuita kuvunjika moyo. Sisi tukisema kuvunjika moyo tunamaanisha umefeli mtihani wa majaribio. Mzee akasema, "Huo upo," akachukua bakora yake.

2 Aprili

Mahudhurio 11, Idi bado haijatoka mifupani. Tulikula visheti vya mtu na kupanga ubao wa maonyesho.

9 Aprili

Ubao umesimama kwenye ukumbi wa kuingilia ofisi. Ni mbao mbili za dari zilizobaki wakati wa ukarabati, rangi nyeupe, misumari. Mvua ya juzi ilipiga upande mmoja na karatasi ya Atiman imejikunja. Tutaigandisha upya kwa gundi ya unga.

Wamekataa maneno "watumwa maarufu" niliyopendekeza kwa kichwa cha habari. Walikuwa sahihi na niliona aibu kidogo. Wameandika "Watu waliopita". Kila mtu ana karatasi yake: aliingiaje, alitokaje, nani aliandika, na kitu kimoja ambacho hakikuandikwa. Kwa Bombay: jina la kwanza. Kwa Swema: alichoambiwa njiani. Kwa Bwanikwa walibishana hadi kengele, wakaacha wazi. Mama yake Swema wamempa karatasi yake peke yake, juu kulia. Yule kijana wa fimbo ndiye aliyeomba kuiandika. Mwandiko wake ni mbaya, nilimwacha.

Kilichobaki: wenzangu wawili wameuliza kama wanaweza kuwaleta Kidato cha Kwanza. Nimesema ndiyo, ila kwa makundi ya kumi na bila kuwauliza watoto asili zao. Nahitaji nakala nyingine, na kudurufu nalipa mwenyewe.

Saa kumi na nusu walishaondoka. Nilikuwa naokota misumari, Z. akarudi. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema bibi yake ameuliza ubao una nafasi. Nikamwambia ipo, chini kushoto, nikampa kalamu ya wino mzito.

Akaikataa. "Bibi amesema niandike kwa penseli kwanza. Amesema akibadili mawazo, nije nifute."

Nikamtafutia penseli.